Delhi hadi Lahore: Safari ya saa moja inayokula siku nzima

Ukipanda ndege katika uwanja wa Jomo Kenyatta kwenda uwanja wa Moi, Mombasa, unasafiri kilomita 420 hivi angani. Kabla hujamaliza soda yako na kijipakiti cha njugu, rubani ashaanza kuteremka, na ukichungulia dirishani unaona minazi. Mtu aliyeondoka Embakasi baada ya kiamshakinywa anaweza kuwa Mwembe Tayari kabla jua la Pwani halijakolea.

Sasa, msomaji, hebu chukua ramani ya Bara la Asia uitandaze mezani. Watoto nao wasogee. Tafuta Delhi, ambako ndiko makao ya serikali ya India. Kisha panda juu kidogo, upande wa kushoto, hadi Lahore, mji wa pili kwa ukubwa nchini Pakistan. Kutoka uwanja wa ndege wa Indira Gandhi, Delhi, hadi uwanja wa Allama Iqbal, Lahore, ni kilomita 420 hivi. Ni kama mtu aliyepima safari ya Nairobi na Mombasa kwa kamba, akaikata, na kuibeba hiyo kamba hadi huko akaitandaza upya.

Lakini nenda leo kwa wakala yeyote wa tikiti umwambie unataka kutoka Delhi kwenda Lahore. Atabofya kompyuta yake, kisha atakuuliza kama ungependa kupitia Dubai, Doha au Abu Dhabi. Ndege ya moja kwa moja haipo. Tangu mwaka wa 2019 miji hii miwili haijakuwa na safari ya kawaida ya ndege ya abiria kati yake.

Hesabu yenyewe ni ya kustaajabisha. Delhi hadi Dubai ni kilomita 2,180 hivi. Dubai kurudi hadi Lahore ni kilomita 1,980 na ushei. Jumla ni takriban kilomita 4,170, yaani karibu mara kumi ya umbali halisi. Mkenya anayetoka Nairobi kwenda kununua bidhaa Dubai husafiri kilomita 3,560 tu. Kwa hivyo mtu wa Delhi anayekwenda kumjulia hali shangazi yake Lahore, katika mji wa jirani, ana safari ndefu kuliko mfanyabiashara wetu wa Eastleigh anayevuka bahari kwenda Uarabuni.

Na saa je? Delhi hadi Dubai ni saa tatu na nusu au zaidi. Dubai hadi Lahore ni kama saa tatu. Ongeza saa za kusubiri kwenye viti vya uwanja wa ndege. Aliyebahatika hufika baada ya saa tisa au kumi. Asiyebahatika humaliza siku nzima njiani, na mfuko wake unabaki umekauka.

Kwa nini kilomita 420 ni saa nzima?

Wanafunzi wanaopenda hesabu huenda wameanza kukuna kichwa. Ndege kubwa ya abiria huenda kasi ya kilomita 800 hivi kwa saa ikiwa juu. Je, kilomita 420 si nusu saa na dakika mbili tatu?

Ingekuwa hivyo kama ndege ingezaliwa angani na kufia angani. Ndege hutambaa kwanza polepole kutoka lango la abiria hadi njia ya kupaa, ikipanga foleni nyuma ya wenzake kama matatu pale Muthurwa. Ikishapaa, hutumia dakika 20 hivi kupanda ngazi hadi kimo chake, na wakati huo haijafikisha kasi yake yote. Katika safari fupi kama hii hukaa juu kwa dakika chache tu, kisha huanza kuteremka, jambo ambalo nalo huchukua dakika 20 au zaidi. Ndiyo maana safari ya kilomita 420 huandikwa saa moja kwenye ratiba, huku safari ya kilomita 840 haiandikwi saa mbili. Ndege ni kama mtu mnene, kazi yake kubwa ni kuinuka na kukaa.

Kuna na jambo la saa za ukutani. Saa za India ziko mbele ya zile za Pakistan kwa dakika 30. Ndege ilipokuwa ikiondoka Delhi saa nne asubuhi na kuruka saa moja, abiria walitua Lahore saa za huko zikiwa saa nne na nusu. Wakirudi, walionekana kama waliotumia saa moja na nusu. Kwa kulinganisha na kwetu, Lahore iko mbele ya Nairobi kwa saa mbili, nayo Delhi kwa saa mbili na nusu.

Malango yanayotazamana

Anayedhani miji hii ni mahasimu wa tangu jadi na azuru sehemu zake za kale. Mji mkongwe wa Lahore ulizungukwa na ukuta wenye malango kadhaa. Lango la upande wa mashariki, ambako msafiri alitokea kuelekea India ya kati, huitwa Lango la Delhi. Hadi leo watu hupita hapo wakienda msikiti wa Wazir Khan, wenye kuta za vigae vya rangi zinazong'aa kama kanga mpya, uliojengwa katika karne ya 17.

Nenda Delhi sasa. Ngome Nyekundu, ile iliyojengwa na mfalme Shah Jahan kuanzia mwaka wa 1639, ina lango kubwa linalotazama upande wa magharibi. Jina lake ni Lango la Lahore. Juu ya kuta za lango hilo ndipo Waziri Mkuu wa India hupandisha bendera kila tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Uhuru. Kwa maneno mengine, kiongozi wa India husherehekea uhuru wa nchi yake akiwa juu ya lango lenye jina la mji wa Pakistan, na sijasikia mwanasiasa yeyote aliyefaulu kulifuta jina hilo. Shah Jahan mwenyewe alizaliwa Lahore mwaka wa 1592.

Zamani hizo umbali kati ya miji hii haukuwa siri ya marubani. Wafalme wa Kimughal walijenga minara ya matofali kando ya barabara kuu kutoka Agra hadi Delhi na Lahore, mmoja kila baada ya kos moja, ambayo ni kama kilomita tatu na kidogo. Msafiri alihesabu minara kama sisi tunavyohesabu miji ya Mombasa Road: Sultan Hamud, Emali, Kibwezi, Mtito Andei. Baadhi ya minara hiyo ingalipo. Mmoja uko ndani ya bustani ya wanyama ya Delhi, umezungukwa na watoto wa shule wasiojua kuwa ulikuwa ukielekeza watu Lahore.

Hata enzi ya Waingereza miji hii ilikuwa chanda na pete. Kuanzia mwaka wa 1858 Delhi iliwekwa chini ya jimbo la Punjab, ambalo makao yake makuu yalikuwa Lahore. Ilibaki hivyo hadi mwaka wa 1912, Waingereza walipoitenga Delhi kuwa makao yao makuu mapya baada ya kuhama Calcutta. Delhi, basi, ilikuwa ikipokea amri kutoka Lahore!

Hapa ndipo hadithi hii inapogusa Kenya. Kati ya mwaka wa 1896 na 1901, karibu vibarua 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya Uganda, wengi wao wakiwa Wapunjabi. Waliandikwa kazi katika vijiji na miji ya Punjab, wakasafirishwa hadi bandari ya Karachi, na kutoka huko wakaabiri meli hadi Mombasa. Mmoja wa waliopewa kandarasi ya kuwaleta ni A. M. Jeevanjee wa Karachi, yule ambaye jina lake limo katika bustani iliyo katikati ya Nairobi, wanakokusanyika wahubiri wa mchana na watu wa kupumzika. Takriban vibarua 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini kama 6,700 walibaki huku.

Vibarua hao walipoondoka, kwao kulikuwa kumoja. Wajukuu wao walioko Ngara, Parklands na Kisumu wanapotafuta vijiji vya mababu leo, wengine huelekea Jalandhar nchini India na wengine huelekea Lahore nchini Pakistan, kwa viza mbili tofauti.

Kalamu ya Radcliffe

Mwaka wa 1947 Waingereza walikuwa wakifunga virago. Kazi ya kugawa Punjab na Bengal alipewa wakili kutoka London, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga India. Alipewa majuma matano tu. Akapewa ramani, takwimu za dini za wakazi na joto la Julai. Mstari wake ulitangazwa tarehe 17 Agosti 1947, siku mbili baada ya uhuru wenyewe, kwa hivyo kulikuwa na watu waliosherehekea uhuru bila ya kujua wako nchi gani.

Lahore ikaangukia Pakistan. Amritsar, iliyo mwendo wa kilomita 50 hivi tu kutoka hapo, ikabaki India. Watu kati ya milioni 12 na 15 walihama, Waislamu wakielekea magharibi, Wahindu na Masingasinga wakielekea mashariki. Treni zilifika vituoni zikiwa na maiti watupu. Idadi ya waliouawa haijapatana hadi leo. Makadirio huanzia laki kadhaa hadi milioni mbili.

Kabla ya hapo treni maarufu iliyoitwa Frontier Mail ilikuwa ikitoka Bombay, ikipita Delhi na Lahore, hadi Peshawar. Ilianza safari mwaka wa 1928. Treni hiyo bado ipo, lakini sasa huishia Amritsar na imepewa jina jingine. Imekatwa mguu, nayo inaendelea kutembea.

Treni, basi na mtoto wa moyo

Serikali zimejaribu mara kadhaa kuunganisha tena miji hii. Mwaka wa 1976 ilianzishwa treni iliyoitwa Samjhauta, maana yake "mapatano". Abiria walitoka Delhi, wakakaguliwa mpakani Attari, wakaendelea hadi Lahore. Usiku wa tarehe 18 Februari 2007 mabomu yalilipuka ndani ya mabehewa karibu na Panipat, kaskazini mwa Delhi, na watu 68 wakafa, wengi wao Wapakistani waliokuwa wakirejea nyumbani. Hata baada ya msiba huo treni iliendelea.

Basi lilianza mwaka wa 1999. Katika safari ya kwanza, mwezi wa Februari, Waziri Mkuu wa India, Atal Bihari Vajpayee, alilipanda yeye mwenyewe, akavuka mpaka pale Wagah na kupokewa na mwenzake wa Pakistan, Nawaz Sharif. Kwa barabara safari yote ni zaidi ya kilomita 500, tuseme kama Nairobi na Mombasa tena, na nyongeza kidogo. Miezi mitatu tu baadaye majeshi ya nchi hizo yalikuwa yakipigana katika milima ya Kargil. La ajabu ni kwamba basi halikusimama. Lilisimamishwa baada ya bunge la India kushambuliwa Desemba 2001, na ndege nazo zikakatazwa.

Basi liliporejea Julai 2003, miongoni mwa abiria wa kwanza kutoka Lahore alikuwa mtoto wa kike wa miaka miwili hivi, mwenye matundu moyoni, akipelekwa na wazazi wake kufanyiwa upasuaji Bangalore. Wahindi wasiomjua walijazana hospitalini na maua, kadi na vitu vya kuchezea, wengine wakajitolea kulipa gharama. Alipona. Kwa mtoto kama huyo, kuwepo au kutokuwepo kwa njia ya mkato si suala la starehe ya wasafiri. Mzazi mwenye mtoto anayegeuka rangi ya samawati hawezi kukaa saa nyingi Dubai akingoja ndege ya pili, hata akiwa na nauli, na wengi hawana.

Basi na treni vyote viwili vilisimama tena Agosti 2019, uhusiano ulipoharibika kwa sababu ya Kashmir. Havijarudi.

Anga lenye ukuta

Wengi wetu hudhani mpaka ni jambo la ardhini, la mlingoti na askari mwenye bunduki. Kwa kweli kila nchi inamiliki anga iliyo juu yake hadi huko marubani wanakopita, na inaweza kuifunga kama mwenye shamba anavyofunga kijia. Pakistan ilifunga yake Februari 2019 baada ya ndege za kivita za India kuvuka mpaka, na haikuifungua hadi Julai mwaka huo.

Mambo yakawa mabaya zaidi mwaka wa 2025. Tarehe 22 Aprili watu wenye bunduki waliwaua watalii na mwenyeji wao, jumla watu 26, huko Pahalgam, Kashmir. Siku iliyofuata India ilitangaza kufunga kituo cha mpaka cha Attari. Tarehe 24 Aprili Pakistan ikazipiga marufuku ndege za India kupita juu yake, na kabla ya mwezi kwisha India nayo ikafanya vivyo hivyo. Mnamo Mei walipigana kwa siku nne. Risasi zilinyamaza tarehe 10 Mei, lakini amri ya anga iliendelea kurefushwa mwezi baada ya mwezi, na mwaka wa 2025 ulikwisha ikiwa ingalipo.

Gharama yake ilisambaa mbali. IndiGo ya India ilisimamisha safari za Tashkent na Almaty, kwa kuwa ndege zake ndogo hazikuweza kuzunguka masafa hayo kwa mafuta ziliyobeba. Air India iliacha safari ya Delhi hadi Washington mnamo Septemba, na kufungwa kwa anga kulikuwa mojawapo ya sababu ilizotoa.

Lakini kisa kilichonisumbua mimi zaidi ni cha tarehe 21 Mei 2025. Ndege ya IndiGo yenye watu zaidi ya 220 ilikuwa ikitoka Delhi kwenda Srinagar, safari ya ndani ya India. Njiani ilikutana na wingu zito la mvua ya mawe. Rubani aliomba ruhusa ya kukwepa upande wa kushoto, kuelekea mpakani, akakataliwa na waongozaji wa ndege wa upande wa India. Akawaita waongozaji wa Lahore, akaomba apitie kwao kwa muda mfupi. Nao wakakataa. Akaingia katika dhoruba. Kuna wakati ndege ilikuwa ikianguka kwa kasi ya futi 8,500 kwa dakika, huku abiria wakilia na kuomba Mungu. Ilitua Srinagar ikiwa imebonyea pua, na hakuna aliyeumia.

Pande zote mbili zilikuwa na sababu zao za kijeshi, na aliyeketi mbele ya rada hakuziandika yeye hizo sheria. Hata hivyo wingu la mawe halikuwa na pasipoti, na waliokuwa ndani ya ndege hiyo hawakuwa wamemkosea mtu wa Lahore.

Ardhini nako mambo hayakuwa mepesi. Majuma hayo ya Aprili, raia wa pande zote waliamriwa kurudi makwao kabla ya siku chache kwisha. Pale Attari walionekana akina mama wenye pasipoti za India waliozuiwa kuvuka, ilhali watoto wao wenye pasipoti za Pakistan wakiruhusiwa. Mama anabaki upande huu na mtoto anaambiwa aende, na nyumbani kwao ni mwendo wa saa chache kwa gari.

Ukitaka kwenda

Mkenya mwenye kiu ya kuyaona malango yote mawili anaweza, ila asidhani atayaona kwa safari moja fupi. Aombe viza za nchi zote mbili mapema kabla ya kulipa nauli, kisha apange Ghuba kuwa kituo chake cha kati. Nairobi hadi Dubai ni saa tano hivi. Kutoka hapo Lahore iko karibu kidogo kuliko Delhi. Achague majira ya kuanzia Novemba hadi Machi, maana joto la Mei na Juni katika miji hiyo linaweza kupita nyuzi 45, na mtu wa Limuru hatalimudu. Novemba na Desemba nako kuna moshi mzito, hivyo wenye pumu wajihadhari na wachague Februari au Machi.

Akiwa India, asikose kwenda Amritsar kwa treni, na kutoka hapo achukue teksi kilomita 30 hivi hadi Attari. Kila jioni, tangu mwaka wa 1959, askari wa India na wa Pakistan huteremsha bendera zao kwa gwaride la mbwembwe, miguu ikirushwa hadi karibu na kilemba, watazamaji wa kila upande wakishangilia kana kwamba ni mechi ya Gor Mahia na AFC. Zamani lango lilifunguliwa na askari wakapeana mikono. Baada ya Aprili 2025 gwaride liliporudi, lango lilibaki limefungwa na mikono haikupeanwa.

Mlango haukukazwa kabisa. Mapema Novemba 2025 zaidi ya Masingasinga 2,000 kutoka India waliruhusiwa kuvuka hapo kwa miguu, wakiwa na mabunda yao, kwenda kuadhimisha kuzaliwa kwa Guru Nanak katika mahali patakatifu pao nchini Pakistan. Waliovuka asubuhi walirudisha saa zao nyuma kwa dakika 30, wakatembea hatua chache, wakapanda mabasi yaliyokuwa yakiwangoja upande wa pili.